Zimwi lenye akili halihitaji kujua kila kitu

Kampeni yangu ya kwanza ya Dungeons & Dragons, yaani hadithi ndefu inayochezwa mezani kikao baada ya kikao, iliuawa na swali moja. Tulikuwa tumecheza karibu miezi saba, kila Jumapili mchana, watu watano tumezunguka meza ya plastiki barazani, na siku hiyo nikaamua kumtoa adui mkuu mafichoni. Mchawi mkongwe, joho jeusi, sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni. Nikaeleza kwamba ni yeye aliyemuua mfalme, ni yeye aliyechoma maghala, na wale majambazi wa mwezi wa pili walitumwa na yeye. Kimya. Halafu mmoja wao akaacha kutafuna karanga, akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani mkuu, huyu mzee ni nani?"

Mimi nilikuwa na daftari zima juu ya huyo mzee. Wao walikuwa hawajawahi kukanyaga hata kivuli chake.

Kwa asiyeujua mchezo: Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji anabeba mhusika mmoja, na mtu mmoja, mwendesha mchezo, anabeba dunia nzima iliyobaki, yakiwemo mazimwi. Mambo yenye mashaka huamuliwa na dadu. Basi. Ukitaka bwana njama, yule anayekaa gizani huku wengine wakichafua mikono kwa niaba yake, ni wewe mwendeshaji unayemwazima akili yako. Na hapo ndipo wengi tunapoharibu.

Kumficha hadi mwisho ni kosa la mgeni, linatibika. Kosa baya zaidi wengi wanaliita ustadi. Wachezaji wanakaa nusu saa kupanga kuingia ngomeni kupitia mtaro wa maji machafu. Wewe upo pale pale, unasikia kila neno. Wakifika mtaroni, walinzi wanane wanawasubiri. "Zimwi lina akili nyingi," unasema, "lilishalijua hilo." Halikulijua. Wewe ndiye uliyesikiliza maongezi ya watu. Na wachezaji si wajinga, watagundua. Wangu walifungua kundi la WhatsApp ambalo sikuwemo, nikastahili.

Kilichonifundisha ni aboleti. Ni dubwana la majini, samaki mkubwa kama jahazi dogo, mwenye minyiri ya kukamatia kama ya pweza na macho matatu yaliyopangwa juu hadi chini, na lilionekana mara ya kwanza kwenye kitabu kimoja cha visa vya mchezo huu cha mwaka 1981. Halisahau chochote. Linakumbuka hata yale yaliyowapata wazazi wake, enzi ambazo miungu ilikuwa haijafika. Kwenye kitabu cha mazimwi cha 2014 akili yake imeandikwa 18, wakati mtu wa kawaida ana 10. Mwendeshaji mvivu akiona namba hiyo anafurahi: sasa nina ruhusa ya kujua kila kitu.

Soma lakini maandishi madogo. Aboleti linaweza kuiteka akili ya mtu mara tatu kwa siku, na ni lazima limwone, tena awe ndani ya futi 30. Aliyetekwa ataongea nalo kwa mawazo hata akiwa upande wa pili wa dunia. Ila akiumizwa, anarusha dadu upya kujinasua. Akiwa umbali wa maili moja au zaidi, anarusha tena mara moja kila baada ya saa 24. Mtu asiye na nyongeza yoyote anahitaji 14 kwenda juu kwenye dadu ya pande 20, yaani nafasi 7 kati ya 20. Mpeleke safari ya siku tatu, na zaidi ya watu saba kati ya kumi watakuwa wamezinduka njiani.

Niliposoma hivyo nikaiona kampeni nzima. Mji wangu wa kando ya ziwa ukawa mji ambao hakuna mtu anayepigwa. Walevi hawagombani. Watoto hawachapwi. Seremala akijigonga kidole, majirani wanamkimbilia kwa haraka isiyo ya kawaida na kumnyang'anya nyundo. Wachezaji walipapenda sana mahali hapo kwa vikao viwili vizima! Kisha mchuuzi wa chumvi aliyesafiri siku nne akarudi akilia langoni, akikataa kuingia, na hakuweza kueleza kwa nini mwaka wote uliopita aliwaona wanawe kama picha tu ukutani.

Sikuwa nimeficha chochote. Kanuni zenyewe zilikuwa zimemwaga alama kila mahali, na wao waliziokota wenyewe. Mmoja alikuja kugundua kwa kumzaba kofi mlinzi wa daraja, bila hata kujua anachofanya.

Lakini utamu uko kwingine. Kama mtekwa anazinduka akienda mbali, basi aboleti haliwezi kuutawala mji mkuu, mwendo wa siku sita, kwa uchawi. Huko linahitaji watu wanaoitika wenyewe. Na kanuni imelipa silaha: ukiongea nalo kwa mawazo huku linakuona, linajua unachokitamani kuliko vyote. Wahenga wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili likishakujua halikuli kabisa, linakuajiri.

Kwa hiyo nikaacha kuhangaika na watekwa, nikaandika watu. Karani wa bandari anayetaka dada yake apone. Mfanyabiashara wa nafaka aliyechoka kudharauliwa na matajiri wa zamani. Hawa hata uwazabe makofi mia hawazinduki. Tumekua na hadithi za sungura na fisi, na sikumbuki hata moja ambayo sungura alishinda kwa nguvu. Kila mara ni uroho wa fisi uliomwingiza shimoni. Ajabu ni kwamba nilihitaji samaki wa Kimarekani kunikumbusha.

Siku hizi, kabla ya kikao, naandika mistari mitatu kwenye karatasi: zimwi linataka nini wiki hii, limeambiwa nini na nani, na kitu gani haliwezi kukiona. Kikao kikianza kalamu nafunga. Wachezaji wakipanga mbele yangu, kama hakuna mtu wa zimwi aliyesikia, zimwi halijasikia. Mara mbili wamenishinda kwa njia hiyo hadi nikakosa usingizi. Ule mstari wa tatu ndio ninaoupenda. Aboleti linakumbuka kila kitu, kwa hiyo linadhani watu ni wale wale wa miaka elfu iliyopita. Halikuamini kwamba karani angelisaliti na kuiacha dawa ya dada yake.

Kuhusu pambano la mwisho sina mengi. Uhai wake ni pointi 135, na kikundi cha wahusika wa ngazi ya kumi kinaumaliza kwa mizunguko minne. Usilitoroshe kila mara ili urefushe hadithi, inachosha. Langu nililiacha lilifie kwenye matope yake, na mji mzima ukaanza kulia kwa pamoja, watu wakishangaa mikono yao.

Wachezaji wakapanda farasi hadi mji mkuu, wamebeba jino kama ushahidi. Wakamkuta mfanyabiashara wa nafaka dukani, anapima magunia, bei ni ile ile, vijana wake wenye marungu wamesimama mlangoni.

"Mzabe kofi," akanong'ona mmoja.

Akamzaba. Mfanyabiashara akafuta damu mdomoni, akaendelea kupima.

Wote wanne wakanigeukia. "Huyu naye si alikuwa ametekwa?"

Nikatikisa kichwa.