Lillian Gish: je, mjumbe hauawi?

Tangu 1976 ukumbi wa sinema wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State, jimboni Ohio, uliitwa kwa jina la Lillian Gish na mdogo wake Dorothy, waigizaji wawili wa enzi za filamu bubu waliozaliwa jimbo hilohilo. Mwaka 2019 ukumbi ulipohamishiwa katika jengo la wanafunzi, wanafunzi weusi wakahoji: huyu tunayeambiwa tumuenzi si ndiye yule wa *The Birth of a Nation*, filamu ya 1915 inayowatukuza wabaguzi wa Ku Klux Klan? Mwezi Mei bodi ya chuo ikaliondoa jina. Wasanii na waandishi zaidi ya 50, akiwemo mwongozaji wa filamu Martin Scorsese na hata James Earl Jones, mwigizaji mweusi mwenye heshima zake, wakasaini waraka wa kupinga.

Waraka ule ulisimama juu ya hoja ambayo Waswahili tunaijua: mjumbe hauawi, yaani Lillian aliigiza tu hadithi ya wengine. Nayo si hoja ya kubezwa. Lillian alizaliwa 1893, baba mlevi akaikimbia familia, na mama akaingia kwenye maigizo ili watoto wapate chakula. Mwaka 1902, hata miaka kumi hajafikisha, tayari alikuwa jukwaani. Utoto wake ulipita kwenye treni na vyumba vya kupanga, mji mmoja hadi mwingine. Mwaka 1912 yeye na Dorothy walikwenda studio za Biograph, New York, kumtembelea rafiki yao wa utotoni ambaye sasa alikuwa mwigizaji wa filamu aliyeitwa Mary Pickford. Huko wakakutana na mwongozaji D. W. Griffith, aliyewafunga utepe wa rangi tofauti asije akawachanganya. Miaka mitatu baadaye binti huyo wa miaka 21 akaonekana katika *The Birth of a Nation* ya Griffith, akiwa Elsie Stoneman. Hakuandika hadithi ile, iliyotoka kwenye riwaya ya Thomas Dixon, wala hakuiongoza. Kukataa kungemgharimu kazi, na kazi ndiyo iliyokuwa chakula cha nyumbani.

Hadi hapo ningesaini nami. Kinachonizuia ni filamu yenyewe. Ndani yake, wahusika wakuu weusi ni wazungu waliojipaka masizi usoni. Mmoja wao anataka kumuoa Elsie kwa nguvu, na wapanda farasi wa Ku Klux Klan wanakuja mbio kumuokoa. Filamu ikaoneshwa Ikulu ya Marekani kwa Rais Wilson. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kikapambana ipigwe marufuku. Na kabla mwaka 1915 haujaisha, Klan iliyokuwa imekufa ikafufuliwa juu ya mlima wa Stone Mountain, Georgia. Sasa jiulize: mtazamaji alisukumwa na nini hadi akawashangilia wauaji? Na woga wa Elsie. Yale macho, ule mwili mwembamba, ile pumzi inayokatika. Filamu ilikuwa bubu, kwa hiyo uso ndio uliosema.

Hapa ndipo watetezi wake wanapojikwaa. Wanamsifu, tena kwa haki, kuwa ndiye aliyeifundisha sinema kuigiza. Katika *Broken Blossoms* ya 1919 anacheza binti anayepigwa na baba yake, asiyejua hata kutabasamu; anaisukuma midomo yake juu kwa vidole viwili. Mwaka uliofuata, kwenye *Way Down East*, alilala juu ya barafu halisi inayoelea mtoni, na wazo la kuacha mkono na nywele zining'inie majini lilikuwa lake mwenyewe. Kisha *The Wind* ya 1928, iliyopigwa katika joto la jangwa la Mojave, ambayo mimi naiona kilele chake. Mtu wa namna hii si mfuata maagizo. Haiwezekani awe msanii anayefikiri katika filamu tunazozipenda, halafu katika ile moja tuambiwe alikuwa kibarua tu.

Tena alikula chumvi nyingi. Alifariki 1993 akiwa na miaka 99, baada ya kurudi jukwaani, kuwa Ophelia katika *Hamlet* ya Shakespeare pamoja na John Gielgud mwaka 1936, kupewa Oscar ya heshima 1971, na kuigiza pamoja na Bette Davis mwaka 1987. Miaka yote hiyo aliendelea kumtetea Griffith. Naielewa shukrani ya mtoto wa maskini kwa aliyemtoa gizani. Lakini jambo alilolifanya akiwa binti mdogo lina uzito mdogo kwangu kuliko utetezi wa mama mzima aliyeshaona Klan ilifanya nini.

Kwa hiyo sioni kosa kubwa chuo kuondoa jina mlangoni. Mlango si makumbusho, na filamu zake bado zinatazamwa. Nililoliona ovyo ni kutupa jongoo na mti wake: Dorothy, ambaye hakuigiza katika filamu ile, naye akafutwa.

Na kuna jambo linalonifanya nisite kila ninapotaka kufunga hesabu. Katika wosia wake Lillian aliacha fedha za tuzo inayobeba jina lake na la Dorothy, kwa msanii mmoja kila mwaka; mwaka 2013 ilikuwa takriban dola 300,000. Mwaka 2010 ilikwenda kwa Chinua Achebe, mtu ambaye hakuwahi kumwachia mwandishi wa Kizungu aliyemchora Mwafrika kama mnyama. Mwaka 2013 ikaenda kwa Spike Lee, mwongozaji mweusi wa Marekani. Huyu, alipokuwa mwanafunzi wa sinema New York, alitengeneza filamu fupi ya kuijibu *The Birth of a Nation*. Hundi aliipokea.