Kigari cha mtoto: usipime kukisukuma, pima kukibeba

Kila Disemba ikikaribia watu wa kwetu huku London waanza kuulizana ni kigari gani cha mtoto cha kwenda nacho Mombasa, na kila mtu ana jibu lake, huyu asema chukua kile kikubwa mtoto alale vizuri, yule asema achana na strola kabisa kwani kwenu hakuna watu wa kumbeba? Mi nna maoni yangu na nayaandika hapa mara moja ili nisirudie rudie kwa simu. Kama wewe ni mtu wa nyumba ya ghorofa na mabasi, usichague kigari kwa vile kinavyoteleza dukani juu ya vigae. Dukani kila kigari chateleza. Kichague kwa vile utakavyokibeba, manake huku na kwetu pia shida yote ya kigari iko pale magurudumu yanapokuwa hayako chini.

Twakaa Ilford, mashariki ya London, nyumba ya zamani, sisi juu kabisa, lifti hakuna na haitakuja. Mamake akiwa na shifti ya asubuhi mimi ndo hutoka na mtoto, na kushuka kwenyewe ni hivi: mtoto mkono wa kushoto anivuta sikio, mfuko wa nepi umening'inia kwenye kiwiko, mkono wa kulia umeshika kigari kilichokunjwa, na kila ngazi nikishuka gurudumu lanigonga goti pale pale. Kigari cha kilo 6 goti lavumilia. Kile cha kwanza tulipewa na jamaa, chuma kitupu na matairi ya kujaza upepo, kizuri wallahi, mtoto alikuwa alala humo utadhani yuko kitandani, lakini kukipandisha juu ni kazi ya hamali wawili, ikawa twakiacha chini karibu na mlango wa jirani mpaka siku moja tukakuta kikaratasi chenye "please" nyingi ambazo huku maana yake mtu kakasirika.

Alafu njoo kwa usafiri. Reli ya Elizabeth iliyofunguliwa 2022 stesheni zake zote 41 waweza kutoka barabarani mpaka jukwaani bila kupanda ngazi hata moja, na sisi watu wa Ilford twashukuru, lakini ukibadilisha tu ukaingia zile treni za chini za zamani, stesheni nyingi ni ngazi kwenda mbele na wewe na Mola wako. Kwenye mabasi waingia na kigari bila kukunja, kuna ile nafasi ya katikati, ila ile nafasi mwenyewe hasa ni mtu wa kiti cha magurudumu, akija yeye wewe sogea, kunja, ama shuka. Na si adabu tu, jambo hili lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza. Bwana Doug Paulley 2012 alikosa basi kwa sababu ile nafasi ilikuwa na mama mwenye kigari, mtoto kalala, mama hakutaka kusogea, na 2017 mahakama ikasema dereva haitoshi kuomba mara moja kisha akanyamaza. Sasa hapo ndo utajua wewe una kigari cha namna gani, basi limesimama, watu wote wakutizama, mtoto umemshika kwa mkono mmoja na mwengine watafuta kibonyezo cha kukunjia. Kigari kinachotaka mikono miwili na guu moja ndo kikunjike hakifai, hata kiwe na kilo 4.

Hivi vigari vyepesi vilianza na muhandisi wa ndege, Owen Maclaren, Muingereza aliyewahi kuunda miguu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, na 1965 ndo akaja na kigari cha aluminiamu cha kukunja kama mwavuli. Vya aina hiyo bado vipo na bei yake yabebeka, lakini vikikunjwa hubaki virefu, kwenye tuktuk kimoja tu ncha iko nje yakwangua watu. Kisha kuna hivi vya kisasa vinavyokunjika vikawa boksi. Kile cha Wafaransa, YOYO ya Babyzen, kilitoka 2012, kikikunjwa ni sentimita 52 kwa 44 kwa 18, kilo 6 na kidogo, chavaliwa begani na mkanda. Kipya ni zaidi ya pauni 400, yaani karibu elfu sabini za kwetu, na mimi kwa pesa hizo nilicheka dukani nikatoka, changu nilikipata mtandaoni kwa mama mmoja ambaye mwanawe ameshakua. Si lazima kiwe hicho hicho, siku hizi kuna vingi vya mtindo huo kwa bei chini ya nusu. Kuna hata Pockit ya kampuni ya GB ambayo 2014 iliingia kwenye rekodi za Guinness kwa udogo ikikunjwa, 30 kwa 18 kwa 35, yaingia kwenye kikapu cha sokoni. Lakini kigari kikiwa kidogo hivyo ujue kuna kitu kimetolewa, na kawaida kinachotolewa ni mgongo wa kulala na magurudumu ya maana.

Na mgongo wa kulala usiudharau. Mtoto mchanga hafai kukalishwa wima, vigari vingi vya namna hii vimeandikwa kuanzia miezi 6, isipokuwa vile ambavyo kiti chalala chini sawasawa au vina kitanda chake cha kununua mbali. Angalia na uzito wa mwisho, vingine vyaishia kilo 15, vingine vyafika 22, tofauti hiyo ni mwaka mzima na zaidi wa matumizi. Mikanda iwe ile ya pointi tano, mabega, kiuno na katikati ya miguu. Na tafadhali usitundike mfuko wa shopping kwenye mpini, kigari chepesi mtoto akiinuka tu chapinduka nyuma.

Ndege sasa, manake hapo ndo wengi wanapoumia. Mwongozo wa IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege, wa mzigo wa mkononi ni sentimita 56 kwa 45 kwa 25, kwa hiyo boksi la 52 kwa 44 laingia kwa karatasi, lakini kila shirika lina sheria zake na la mwisho ni yule aliyesimama mlangoni, kwa hiyo waandikie kabla, jibu uwe nalo kwa simu. Wakikichukua mlangoni mwa ndege waulize mtakionea wapi, manake ukiwa wapitia Addis ama Nairobi waweza kutembea uwanja mzima na mtoto begani na kigari chako kiko tumboni mwa ndege, utakikuta kwenye mkanda wa mizigo uwanja wa Moi, Mombasa, kama kimefika. Ndo maana mi huweka leso ya kumbebea mtoto kwenye mfuko wa nepi kila safari.

Haya, umefika Mombasa. Hapo ndo watu wanapodanganyana. Yule wa kile kikubwa hatoki nacho getini. Jaribu kusukuma kigari Digo Road saa nne asubuhi, njia ya miguu ina meza za soksi na chaja, mbele yake pikipiki zimepangwa, mbele yake gari kapaki mtu mwenye haraka zake, washuka barabarani na nyuma mkokoteni wa maji wakwambia pisha. Mji wa Kale vichochoro vya Kibokoni palipotiwa matofali ya kabro kigari kidogo chapita vizuri tu, na vipana havipiti, lakini nyumba zenyewe ngazi zake ni kama za kupandia mnazi, na bodaboda zakata kona bila honi. Feri ya Likoni mi siwezi kukushauri kabisa, ule mteremko na watu wote wateremka kwa pamoja, mtoto akae kifuani mwako. Matatu makanga atakutizama juu mpaka chini kisha aseme hiyo ni siti ya mtu. Tuktuk ndo mkombozi, boksi lakaa nyuma ya kiti au miguuni, mtoto mapajani, mwaenda zenu. Pahali pa kusukuma pamebaki pachache, Mama Ngina jioni tangu ilipotengenezwa, na zile mall za Nyali, ambako ukweli ni kwamba watu waenda kuonyesha kigari kama vile wanavyomuonyesha mtoto.

Wenye kusema kwetu hakuna haja ya kigari wana haki yao pia. Huku ukikwama kwenye ngazi za stesheni mtu atakuja, usiseme Waingereza hawasaidii, atashika kigari upande wa mbele mpaka juu, aseme "cheers" na aende zake. Lakini mtoto hatamgusa, hata akilia. Kwetu ni kinyume, mtoto achukuliwa hata kabla hujashuka kwenye tuktuk, amechukuliwa na jirani, jirani kampa bintiye, bintiye kaenda naye dukani, mpaka adhuhuri mtoto arudi ana unga wa mabuyu mdomoni na hujui nani alimpa, na kigari kimekaa pale pale mlangoni kuku anakizunguka. Mamangu kile kigari alikiangalia akasema "mashallah kizuri, kitafaa kuwekea vitunguu," akamtia mjukuu wake kiunoni, leso ikapita juu ya buibui ikafungwa begani kwa fundo moja, na mkono mmoja bado uko huru wakoroga mbaazi. Sina strola ya kushindana na hiyo.

Ila usinambie mgongo hauumi. Mama wa Bombolulu anayekwenda kliniki na mtoto wa kilo 10 Februari, jua lile, amembeba si kwa sababu apenda mila bali kwa sababu hapo nje hakuna njia ya kusukuma kitu. Mi nikisikia mtu asema kigari ni mambo ya kizungu nauliza, na yule wa kiti cha magurudumu naye? Njia ni ile ile. Tukipata ya kumpitisha yeye, kigari chapita bure.

Na sisi wanaume. London baba na kigari ni kitu cha kawaida, hakuna anayegeuka. Kwetu nilipita nacho karibu na baraza moja, nikaamkia, mzee mmoja akaitikia marahaba kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, umetumwa ama umeachwa?" Watu walicheka mpaka na mimi nikacheka. Nimeendelea kupita, kufikia siku za mwisho walikuwa wananiuliza bei.

Wanaotaka kununua huko huko, vya ex-UK viko vingi na vingine ni vizuri kuliko vipya vya plastiki vya bei hiyo hiyo, lakini kagua. Kikunje na kukikunjua mwenyewe mara kadhaa mbele ya muuzaji, bonyeza breki kisha sukuma, vuta kila mkanda. Tizama bawaba, mwaka 2009 Marekani karibu vigari milioni moja vya Maclaren viliitishwa vitiwe vifuniko vya bawaba kwa sababu zilikuwa zakata ncha za vidole vya watoto wakati wa kukunja, na kigari cha miaka hiyo bado chaweza kukutwa kwenye rundo. Chumvi ya bahari nayo haina huruma, skrubu zashika kutu, mchanga waingia kwenye magurudumu ya mbele yakaanza kulia, ukitoka nacho pwani kioshe kwa maji baridi ukikaushe. Kitambaa kiwe cha kuvua ukafua, bila hivyo unyevu wa masika utakiotesha ukungu.

Jambo jengine ambalo lanikera, ile kufunika kigari chote na leso ati mtoto asipigwe jua. Hewa haizunguki humo. Gazeti la Svenska Dagbladet la Sweden lilipima 2014, kigari kikiwa wazi juani joto ndani nyuzi 22, kikafunikwa kitambaa chepesi na baada ya nusu saa ikawa 34, na hiyo ni Sweden, si Mombasa ya Machi. Chukua mwavuli, ama kigari chenye paa refu, ama subiri alasiri.

Sasa binamu yangu wa Kisauni amenitumia picha ya kigari kutoka Instagram, rangi ya kahawia na mpini wa ngozi, anataka nije nacho. Nimemuuliza mtoto ana uzito gani, kilo 13. Nimemuuliza aenda wapi naye, asema sokoni Kongowea na kwa mamake Mtopanga. Nimemuuliza anatembea? Asema anatembea hata hashikiki. Nimemwambia basi anipe namba ya mguu wake, namletea viatu.