Ndoa Ndiyo Inayovaa Sari: Mavazi ya Wanawake katika Tamthilia za Kihindi

Mtazamaji wa tamthilia za Kihindi huwajua mwema na mwovu kabla hawajafungua mdomo. Komolika, mwovu wa Kasautii Zindagii Kay, iliyoanza 2001 katika kituo cha Star Plus, alitambulika kwa bindi (alama ya katikati ya paji la uso) kubwa za madoido na blauzi ya mgongo wazi. Tulsi, mke mwema wa Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi (2000–2008), alikuwa na sari iliyotulia, sindoor, yaani unga mwekundu, kwenye njia ya nywele na mangalsutra, kidani chenye shanga nyeusi cha mwanamke aliyeolewa.

Wanaotetea mavazi hayo wana hoja nzito. Nyumba nyingi India zina televisheni moja, na jioni babu, mkwe na wajukuu hukaa sebule moja. Hakuna anayetaka kuinamisha macho mbele ya baba mkwe. Isitoshe, katika vijiji vingi vya Rajasthan na Haryana mke wa mwana bado hujifunika uso kwa ghoonghat, yaani ncha ya sari au mtandio, mbele ya wakubwa wa mumewe. Tamthilia ikionyesha hivyo haijazua jambo. Na sari si vazi la unyonge: Indira Gandhi aliongoza nchi akiwa ameivaa.

Hoja inalegea pale sari inapofanywa kipimo cha stara. Itazame inavyofungwa. Kitambaa cha mita tano na nusu hivi huzungushwa juu ya gagulo, marinda matano hadi saba hukunjwa na kuchomekwa chini ya kitovu, kisha ncha yake, pallu, hutupwa bega la kushoto. Uzi wa gagulo ukilegea, uzito wa marinda huivuta sari yote chini. Hata ikikaza barabara, ubavu unabaki wazi. Mtindo wa Kigujarati, ambao pallu hutoka nyuma, hupita bega la kulia na kutandazwa kifuani, husitiri zaidi. Lakini shalwari na kamizi, yaani suruali pana na kanzu yake, husitiri kuliko yote mawili, nayo ndiyo msichana wa tamthilia huvaa kabla ya harusi. Akishaolewa tu, anaingizwa kwenye sari. Kinachopimwa hapo ni ndoa, wala si ngozi.

Ushahidi mwingine ni wa 2003. Mwigizaji Mandira Bedi alitangaza Kombe la Dunia la kriketi akiwa na sari na blauzi za kamba nyembamba, akalaumiwa vikali. Vazi lilikuwa lilelile linalosifiwa kwa mke mwema. Aliyelivaa alikuwa mwanamke anayezungumzia mchezo wa wanaume.

Na wanaosema “ndivyo tulivyokuwa tangu zamani” waikumbuke Travancore, ufalme wa zamani wa kusini mwa India, ambako wanawake wa tabaka la chini la Kinadar walikatazwa kufunika kifua mbele ya matabaka ya juu. Waliipigania haki hiyo kwa miongo mingi, na tangazo la kuwaruhusu likatoka 1859. Stara ilikuwa fadhila ya tabaka, iligawiwa kwa wengine na kunyimwa wengine.

Sheria si kikwazo kikubwa cha kubadili mavazi hayo. Filamu za sinema hukaguliwa kabla ya kuonyeshwa, tamthilia hapana. Zinafungwa na kanuni za vipindi chini ya Sheria ya Televisheni za Kebo ya 1995, na tangu 2011 malalamiko ya watazamaji husikilizwa na baraza la vituo vyenyewe. Kinachomtisha mtayarishaji ni takwimu za watazamaji za kila wiki. Mavazi yakishaleta watazamaji, mbunifu wa mavazi hapewi nafasi ya kujaribu.

Diya Aur Baati Hum (2011–2016) ilijaribu kupita katikati: Sandhya alivaa sare ya polisi kazini na kufunika kichwa nyumbani kwa wakwe zake. Wengi walifurahi kuona mke wa kijana muuza peremende akiwa ofisa. Mimi naiheshimu hatua hiyo, ila naona gharama yake: kazi yake ilikubalika kwa kuwa kila jioni alithibitisha utii wake kwa nguo. Mumewe Sooraj hakudaiwa kubadili hata shati.