Sangara naye anahitaji mtafiti wa vipimo

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu, mwenye shahada ya uzamivu katika kemia, alinitumia tangazo la nafasi za utafiti wa vipimo katika NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, za miaka miwili kwa waliokwisha kuhitimu uzamivu. Chini yake aliandika: "Shangazi, soma mpaka mwisho." Mwishoni palisema kwamba mwombaji sharti awe raia wa Marekani.

Siwalaumu Wamarekani, maana fedha ni zao. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na tangazo la hapa nyumbani la kumrudishia. Kijana wetu akitunukiwa uzamivu hupangiwa vipindi vya kufundisha na rundo la mitihani ya kusahihisha, na utafiti wake unaishia kabatini.

Vipimo vikitajwa hapa Mwanza, watu hukumbuka sado iliyobonyezwa kitako pale Mwaloni Kirumba, au mizani ya saa ambayo mshale wake umepita sifuri kabla dagaa hawajawekwa. Huo ni wizi, na Wakala wa Vipimo upo kwa ajili yake. Mimi nazungumzia kipimo ambacho jicho haliwezi kukikagua. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, baba yangu alikuwa mkata minofu katika kiwanda kimoja cha hapa. Siku hiyo alirudi saa nne asubuhi, akavua buti zake nyeupe za mpira mlangoni, akazisuuza, akaziweka juu ya kabati, na hazikushuka kwa miezi. Mtaa mzima uliapa kwamba samaki wetu ni salama, lakini mnunuzi aliye ng'ambo hapokei kiapo. Anataka namba iliyotoka katika maabara anayoiamini.

NIST waliwachukua samaki wa Ziwa Superior, wakawasaga na kuwagandisha, wakapima zebaki na mabaki ya viuatilifu ndani yao kwa uangalifu mkubwa, ili maabara nyingine ziwanunue na kujaribia mashine zao: mashine ikitoa namba ile ile ya NIST, inaaminika. Sangara, samaki wa minofu wa Ziwa Victoria, mwenye mafuta yake na ziwa lake, anastahili kufanyiwa kazi hiyo hiyo hapa. Ni kazi ya miaka, inayomtaka mtu aliyekomaa katika utafiti na asiye na karatasi mia tatu za mitihani mezani. Mtu huyo tunaye. Serikali na wenye viwanda vya minofu wachangie nafasi mbili, mbili tu, na TBS, shirika la viwango la Tanzania, au chuo chochote cha Kanda ya Ziwa kiwapokee hao watafiti.

Dagaa nao, ambao uzito wao hubadilika kwa unyevu, wana swali lao la kipimo linalongoja.

Nitaambiwa kwamba mashine ni ghali, nami nakubali kwamba ni ghali. Buti za baba kukaa juu ya kabati nako kulikuwa na gharama, na tuliilipa sisi.

Nimemwambia mtoto wetu aandike andiko lake la utafiti kama vile nafasi imekwisha kutangazwa, na aanze na sangara. Jumamosi ataniletea, tulisome pamoja.