Mseto bila hesabu ni ajira tu

Kila wakubwa wa Kenya wanapogawana serikali, sisi wa upande huu wa Busia, yaani Uganda, tunapata mazungumzo ya miezi mitatu. Ilikuwa hivyo 2008, ikawa hivyo 2018 Uhuru na Raila waliposhikana mikono, ikarudi tena 2024 watu wa ODM, chama cha Raila, walipoingia kwenye baraza la William Ruto. Na swali ni lilelile: kwa nini wetu nao wasikae meza moja tukapumua? Jibu langu huwa linaudhi. Wetu wameshakaa meza moja mara kadhaa. Ila ni mara moja tu walikaa kwa sababu kura ziliwalazimisha, na hiyo ndiyo inayofaa kuzungumzwa kuliko yote ya Nairobi.

Aprili 1962, miezi michache kabla ya uhuru, viti vya kuchaguliwa bungeni vilikuwa 82. UPC ya Milton Obote ilipata 37, DP ya Benedicto Kiwanuka 24, na Kabaka Yekka (KY), chama cha Mengo, makao ya Kabaka yaani mfalme wa Buganda, 21. Piga hesabu mwenyewe: hakuna aliyefika 42. Yule mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumpa mmoja serikali na kumnyima mwingine. Kwa hesabu tupu, KY kingeweza hata kwenda na DP, wangepata 45. Lakini KY kilizaliwa ili kumwondoa Kiwanuka. Mwaka 1961 Mengo iliwaambia Baganda wasusie uchaguzi, wakasusia, na DP ikazoa karibu viti vyote vya Buganda kwa kura za wachache waliojitokeza. Mganda asiye wa ukoo wa kifalme, tena Mkatoliki, atawale nchi Kabaka akiwa chini yake? Mengo haikulimeza hilo.

Wakaenda na Obote. Kila upande ulipata ulichokitaka haraka. Buganda iliruhusiwa wabunge wake wachaguliwe na Lukiiko, baraza la Buganda, badala ya wananchi moja kwa moja, Obote akawa Waziri Mkuu, na Oktoba 1963 Kabaka Mutesa II akawa Rais. Kwenye picha inapendeza: mfalme Rais, mwana wa Lango Waziri Mkuu.

Jambo moja wakaliweka kando. Kaunti ambazo Bunyoro, ufalme jirani, ilinyang'anywa wakati wa Waingereza na kupewa Buganda, zile zinazoitwa kaunti zilizopotea, zilikuwa zinasubiri kura ya maoni, na Katiba ya uhuru yenyewe ilisema kura hiyo isipigwe kabla ya miaka miwili kupita. Yaani hawa watu waliingia katika mseto huku wakijua ni lini watagombana. Obote hakuweza kuidhulumu Bunyoro, Mutesa hakuweza kuachia ardhi ya Buganda, na wote wawili wakanyamaza wakitumaini kwamba wakati huo ukifika mwenzake atakuwa amechoka.

Aliyechoka hakuwepo. Kilichotokea ni kwamba wabunge wa KY na wa DP walianza kuhamia UPC mmoja mmoja, na kufikia Agosti 1964 Obote alikuwa na wingi wake mwenyewe. Mwezi huohuo akauvunja mseto. Kura ya maoni ikapigwa tarehe 4 Novemba 1964, na wakaruhusiwa kupiga waliokuwa kwenye daftari la 1962 tu, kwa hiyo wale askari wastaafu ambao Mengo iliwahamishia Ndaiga, ndani ya kaunti hizo, ili waongeze kura walibaki watazamaji. Buyaga na Bugangaizi wakachagua Bunyoro. Sasa fikiria karatasi iliyofika mezani kwa Mutesa: kama Rais, aisaini sheria inayomnyang'anya ardhi yeye mwenyewe kama Kabaka. Akakataa. Yaliyofuata mnayajua: Februari 1966 mawaziri watano wakakamatwa wakiwa kwenye kikao cha baraza, na tarehe 24 Mei jeshi likiongozwa na Idi Amin likavamia ikulu ya Mengo. Uchaguzi mkuu mwingine haukuonekana mpaka Desemba 1980.

Wengi wakimaliza kusikia hayo husema, umeona, mseto ni balaa. Mimi naona kinyume. Mseto ule ulifanya kazi muda wote ambao Obote alizihitaji zile kura 21. Ulikufa pale alipoweza kununua, au kushawishi, ukipenda, mbunge mmoja baada ya mwingine mpaka mshirika wake akawa hana cha kumnyima. Hakuna aliyelinda hesabu.

Katiba ya 1995 inaonyesha kwamba waliotunga walikumbuka. Ibara ya 83 inasema mbunge akihama chama kilichompa tiketi anapoteza kiti. Halafu inaongeza jambo ambalo sijamsikia mwanasiasa akilitaja redioni: kama chama chake kimeingia katika serikali ya mseto, mbunge huyo hadhuriki. Kwa hiyo chama kinaweza kuingia kizima, ila mtu hawezi kuchomolewa peke yake. Tuna mlango wa mseto ndani ya Katiba, una bawaba na kitasa, na haujawahi kufunguliwa inavyotakiwa.

Serikali ya Museveni ya mwaka 1986, ile tuliyoambiwa ni ya wote, haikupita mlango huo, wala Katiba hii haikuwepo. Paul Ssemogerere wa DP alipewa Mambo ya Ndani, kisha Mambo ya Nje, akakaa karibu miaka kumi huku chama chake kimefungiwa shughuli za kampeni, mpaka akatoka kwenda kugombea urais 1996. Alikuwa mtu mwadilifu. Lakini alikuwa ndani kwa hisani ya aliyeshika bunduki, na hisani haina kura ya turufu.

Julai 2022 Norbert Mao akasaini makubaliano ya ushirikiano kati ya DP na NRM, chama cha Museveni, akawa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba. Baadhi ya wanachama wake walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Mimi lalamiko langu ni jingine. NRM ilikuwa na wabunge zaidi ya 300, DP 9. Ukiwaondoa hao tisa kesho asubuhi, kuna muswada gani utakaoanguka? Hakuna. Mao ni mwanasheria mzuri na pengine alifanya kazi nzuri ofisini, lakini tusiite mseto kitu ambacho ni mtu kupata kazi.

Kuna Hajati mmoja anauza mukene (dagaa) jirani na duka langu, na hoja yake ndiyo ngumu kuijibu. "Mwanangu," aliniambia, "hao wakiongezeka mezani, si chakula chetu ndicho kinapungua?" Ana haki. Katiba inasema mawaziri wa baraza wasizidi 21 na mawaziri wa nchi, walio chini yao, wasizidi 21, ila Bunge likiruhusu, na Bunge huwa linaruhusu. Tumefika karibu 80 wote kwa pamoja. Kenya nao 2008 walifikisha mawaziri 40 wa baraza ili kila upande ushibe.

Lakini Hajati huyohuyo anakumbuka Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya. Reli ilikuwa imeng'olewa Kibera, malori yamesimama upande wa pili, petroli hapa Busia ikiuzwa kwa chupa za maji ya kunywa, muuzaji anazificha chini ya meza ya nyanya. Familia zilikuwa zikivuka na magodoro kichwani, nyingine zikapelekwa kambi ya Mulanda, Tororo. Tarehe 28 Februari Kibaki na Raila wakasaini mbele ya Kofi Annan, na barabara ikafunguka. Mseto ule ulikuwa wa gharama, ulijaa ugomvi wa nani akae wapi kwenye jukwaa, lakini uliandikwa ndani ya sheria, ulikuwa na orodha ya kazi, na Agosti 2010 ukawapa Wakenya katiba mpya. Kwa 40 hao mimi sina ugomvi.

Afrika Kusini ndiyo inayonifurahisha zaidi. Mei 2024 ANC ilipata asilimia 40 ya kura na viti 159 kati ya 400, ikabidi iite chama cha DA na vingine. Mwaka uliofuata ikataka kupandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 hadi 17. Baraza likashindwa kukubaliana, bajeti ikaahirishwa Februari 2025, wakapunguza ombi, DA ikaenda mpaka mahakamani, na Aprili nyongeza yote ikafutwa. Sisi tunaolipa asilimia 18 tunajua hilo lina maana gani kwenye bei ya sabuni. Mshirika mdogo alikuwa na cha kunyima, basi.

Kwetu mseto wa aina hiyo una njia nyembamba. Ibara ya 103 inataka Rais apate zaidi ya nusu ya kura, vinginevyo wawili wa juu warudiane ndani ya siku 30. Tangu 1996 tume ya uchaguzi haijawahi kutangaza duru ya pili. (Kama namba zinazotangazwa ni za kweli, hayo waliyabishania Mahakama ya Juu zaidi ya mara moja.) Ikitokea, mazungumzo yote ya mseto yatabanwa ndani ya siku hizo 30. Ujerumani, wanaofanya hivi kila uchaguzi, walipiga kura Septemba 2017 wakapata serikali Machi 2018. Sisi tutakuwa tunachapa karatasi upya na kupeleka masanduku Karamoja na visiwa vya Kalangala, huku viongozi wa upinzani, ambao 2015 walishindwa hata kukubaliana kati ya Besigye na Mbabazi nani apeperushe bendera, wakijaribu kuandika mkataba usiku.

Rasimu ya mkataba wa mseto iandikwe sasa, kabla ya uteuzi wa wagombea, na ianze na yale ambayo kila mmoja anayakwepa: ardhi ya mailo ya Buganda, federo (utawala wa shirikisho), na ukomo wa mihula ya Rais ulioondolewa 2005. Wizara zigawanywe mwisho.