Taarifa Sahihi Kuhusu Beberu, Filimbi na Suruali Yangu

Kwa kuwa jirani yangu, fundi baiskeli, amekwisha kuisimulia habari hii katika vijiwe vitatu vya kahawa hapa Tabora, na kwa kuwa katika kijiwe cha tatu nilikuwa tayari nimepanda juu ya paa la banda na kukataa kushuka mpaka alfajiri, nimeona ni wajibu wangu kuandika mwenyewe yaliyotokea usiku wa Alhamisi iliyopita. Sikupanda paa. Suruali, ndiyo, ilinivuka. Hilo silikatai, kwa sababu walioshuhudia ni wengi mno.

Mnaonifuata siku zote mnajua kwamba kiinua mgongo changu cha ualimu kiligeuka mbuzi 14, na kwamba tangu mvua zikatike fisi wametuzoea. Wawili walikwenda mwezi uliopita. Nilichookota asubuhi ni kwato moja na kipande cha kamba, maana fisi hasazi: mfupa anauvunja na kuumeza, ndiyo sababu choo chake kikikauka huwa cheupe kama chaki, na mimi chaki naijua.

Mtaniuliza kwa nini sikumtegea. Nilikwenda kuuliza hivyohivyo ofisini, na afisa mmoja, ambaye sina sababu ya kumtaja kwa kuwa alikuwa mpole kuliko nilivyostahili, alinifafanulia kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimwachi mtu aamke tu na kuanza kutega vitanzi, kuchimba mashimo au kumwaga sumu bila kibali, na kwamba hata nikimkuta fisi amekufa kwa maradhi yake mwenyewe, nisithubutu kuondoka na ngozi wala jino, kwa kuwa hizo ni nyara za serikali. Nikauliza habari za kukata matawi ya migunga nizungushie zizi. Miiba yote mizuri imo ndani ya msitu wa hifadhi, akasema. Na huko nako ni kibali. Nikauliza kama naweza basi kulisogeza banda karibu na dirisha langu. Sheria ndogo ya kijiji inataka banda liwe mbali na nyumba za watu kwa ajili ya harufu, na langu lipo hatua 60 kutoka kitandani. Nimezihesabu mara nyingi, mara nyingine nikikimbia.

Zaidi ya hayo ipo sheria isiyoandikwa. Mzee mmoja wa hapa kwetu alinivuta pembeni akaniambia kwamba nisirushe hata jiwe, kwa sababu fisi wengine wana wenyewe, hupandwa usiku kama baiskeli, na ukimjeruhi mmoja utamwona asubuhi mtu unayemfahamu akichechemea kwenda kisimani. Mimi ni msomi na siamini mambo hayo. Jiwe, hata hivyo, sikurusha.

Nilijaribu taa. Nilikuwa nimesoma habari za Richard Turere, yule kijana wa Kimaasai wa Kenya ambaye, akiwa bado mvulana, alitengeneza taa za kumulikamulika zilizowazuia simba wasiingie katika zizi la baba yake karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Nami nikanunua taa kuukuu za indiketa za pikipiki, nikazifunga kwenye betri. Huenda Turere alizifunga vizuri kuliko mimi, kwa sababu usiku wa kwanza walikuja vijana wawili kuuliza bia ni shilingi ngapi, na usiku wa pili betri ikaibwa.

Ndipo nikaamua kulala bandani.

Kabla sijaendelea, lazima nieleze kifungu kimoja, maana bila hicho hamtaelewa hukumu. Sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, walianzia kwenye pande zetu hizi za Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na kijijini kwetu bado wapo. Filimbi ikipigwa mara moja ni mwito wa mkutano. Ikipigwa mara tatu ni mwano: kila mwanaume anatoka na silaha yake, asiyetoka analipa faini, na anayepiga mwano pasipo jambo analipa mbuzi mmoja. Nakijua kifungu hicho neno kwa neno kwa sababu mimi ndiye katibu, na ni mimi niliyependekeza liongezwe neno "mnono".

Basi nililala bandani nikiwa na tochi, filimbi shingoni, na koti langu la baridi, ambalo mfukoni lilikuwa na hindi la kuchoma nililolibakiza kwa ajili ya usiku wa manane. Mbwa wetu aliandamana nami hadi mlangoni, akanusa hewa, akarudi ndani ya nyumba. Kwa kuwa nina usingizi mzito, nilibuni jambo ambalo nililiona la busara sana: nilifunga ncha moja ya kamba ya katani kwenye kifundo cha mguu wangu, na ncha ya pili shingoni mwa beberu wangu aitwaye Mkaguzi. Nilimpa jina hilo kwa sababu huingia kila mahali bila hodi na kufunua masufuria. Niliwaza kwamba mbuzi humsikia fisi kabla ya binadamu. Mkaguzi akishtuka, kamba itavutika, nami nitaamka. Naomba mkumbuke kwamba kamba hii niliifunga mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu.

Yapata saa nane usiku fisi alilia mbali, ule mlio wake unaoanzia chini na kupanda mwishoni kama mtu anayeuliza swali. Nilifumbua macho. Mwezi ulikuwa umetua. Nikapapasa tochi nikaisikia ikibingirika chini ya mbuzi. Kisha kukawa kimya, kimya kile ambacho mbuzi wote wanaacha kucheua kwa pamoja, na katikati ya kimya hicho kitu fulani kikanipumulia sikioni.

Pumzi ilikuwa ya moto na yenye harufu mbaya. Sikutikisika. Midomo mibichi ikagusa kiganja changu, ikapanda taratibu juu ya mkono wa koti, ikasita, kisha ikalikamata koti mfukoni na kuanza kuvuta. Nilisikia meno yakisaga. Niliamini kabisa kwamba yanasaga nyonga yangu, ila bado sijapata maumivu kwa sababu ya mshtuko. Na mtaona jinsi ualimu usivyomtoka mtu: katika hali ile nilikumbuka kwamba kwa fisi majike ndio wakubwa na ndio wanaotawala, nikajiuliza huyu ni yupi.

Nikapiga filimbi. Nikapiga tatu, nikapiga tatu nyingine, halafu sikuhesabu tena. Nikarukia mlango, ambao ni mfupi na wa kuinamia, na nilipokwisha kupenyeza kichwa na mabega nikasikia mguu wangu wa kushoto umekamatwa. Nilivuta, nikavutwa. Nilivuta kwa nguvu zaidi, na aliye nyuma, ambaye kwa asili hapendi kuburutwa, akakita miguu na kunirudisha ndani kiasi cha shubiri mbili. Suruali yangu, ambayo tangu nistaafu naifunga kwa uzi, ilinasa kwenye msumari wa mlango na kubaki pale pale, wakati mimi nikiendelea na safari. Nikapaza sauti: "Amenishika mguu! Mama! Mama yangu!"

Nilikuwa namwita marehemu mama yangu. Lakini chini ya paa langu wiki ile alikuwemo mama mwingine, naye ni mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Nzega kutibiwa macho. Wenye wakwe wananielewa. Tangu nimwoe binti yake sijapata kula naye meza moja wala kumtazama usoni. Akipita njia hii mimi napita ile. Mama akatoka na chemli. Akaja hatua zote 60, kwa kuwa ana huruma. Akaiinua chemli juu, vizuri kabisa, kama anayetafuta sindano. Kisha akajifunika uso kwa kanga, akageuka, na akarudi zile hatua 60 pamoja na chemli yake, akituacha gizani mimi na fisi wangu.

Sungusungu walifika kwa marungu, pinde na mishale. Wa mbele alikuwa fundi baiskeli, ambaye aliwahi kuchelewa mwano wa kweli akatozwa faini ile ile. Ntemi wao, yaani mkuu wao, alinimulika usoni, akaniamkia kwa utulivu, "Mwangaluka, Mwalimu," ambayo ni salamu ya asubuhi, ijapokuwa kulikuwa bado mbali sana kupambazuka. Kisha tochi yake ikatembea. Ikashuka kwenye mgongo wangu, ikapita haraka mahali palipostahili kupitwa haraka, ikafika kwenye kifundo cha mguu, ikaikuta kamba. Ikaifuata kamba ile taratibu, shubiri kwa shubiri, huku watu wote wakiwa kimya, mpaka ikafika kwenye shingo, kwenye ndevu, na hatimaye kwenye mdomo uliokuwa ukimalizia bunzi la hindi langu.

Mkaguzi akacheua.

Yaliyobaki ni machache. Nyayo za fisi hazikuonekana. Mbuzi walihesabiwa, wote 12 walikuwepo. Mama mkwe aliondoka kwa basi la asubuhi bila kunywa chai, akaacha ujumbe kwa mama watoto kwamba macho yake sasa yanaona vizuri na hana haja tena ya daktari. Barua yangu ya kuomba kibali cha miiba imepokelewa na kugongwa muhuri. Mkutano ulikaa Ijumaa jioni. Kifungu kilisomwa na katibu, kwa sauti, kutoka kwenye daftari lenye mwandiko wake mwenyewe, na walipofika kwenye neno "mnono" wajumbe wote wakamgeukia yule ndafu niliyekuwa nikimlisha pumba tangu Januari kwa ajili ya harusi ya binti yangu.

Aliliwa Jumapili chini ya mwembe. Nilileta na chumvi. Kwa kuwa filimbi ilikuwa bado shingoni mwangu, ntemi aliniomba niipige mimi ili watu waje, nami nikaipiga, mara moja tu.