Mwalimu, usimfutie mtoto kosa lake

Jana mpwa wangu alirudi kutoka darasa la kompyuta kanuna. "Mjomba, programu yangu ilikwama. Ticha akafuta yote, akabandika yake."

Sasa inafanya kazi? Inafanya. Na ulikosea wapi? Kimya.

Hongera, mwalimu. Kompyuta imepona.

Bahati nzuri, programu yake alikuwa ameinakili daftarini. Utafutaji wa binari, ule wa kukata orodha nusu kwa nusu. Tukakaa barazani, nikachana vipande saba vya karatasi: 3, 7, 12, 18, 25, 31, 40. Kila kimoja nikakikandamiza kwa kifuniko cha soda, maana upepo wa alasiri hapa Makadara hauna adabu. Nafasi tukahesabu kuanzia 0.

Chini ni nafasi ya mwanzo ya sehemu tunayotafuta, juu ni ya mwisho, kati ni nusu ya jumla yao, na nusu ikibaki tunaidondosha. Tafuta 25. Chini 0, juu 6, kati 3: hapo pana 18, ndogo. Chini ikawa 3, kati ikawa 4, akaipata. Kifua mbele.

"Haya, tafuta 40."

Kati 3. Kati 4. Kati 5. Kati 5... "Tano tena. Tano tena, mjomba!" Akaangua kicheko. Alikuwa anaisogeza chini mpaka kati, badala ya kati jumlisha 1, kwa hivyo anarudishwa palepale aliposhapakataa.

Akarekebisha. Haikukwama, ila ikajibu 40 haipo. Nayo ile pale, imelaliwa na kifuniko! Sharti la kitanzi, yaani la kuendelea kurudia, lilisema chini < juu. Zote mbili zilipofika 6, kitanzi kikafunga kabla kipande cha mwisho hakijatazamwa. Ilitakiwa <=. Hilo aliligundua peke yake, mimi namimina kahawa.

Najua, watoto ni wengi na kipindi ni kifupi. Sawa. Lakini kubandika hakumfunzi mtu ila kubandika.

Na nyinyi mnaowacheka wanaoanza: mwaka 2006 Joshua Bloch, bingwa wa lugha ya programu ya Java, alieleza hadharani kosa lililokuwa kwenye utafutaji wa binari aliouandika yeye mwenyewe humo. Chini na juu zikijumlishwa zikapita 2,147,483,647, kikomo cha namba kamili ya kawaida humo, jibu linageuka hasi. Kosa lilikaa miaka kama tisa, na wajuzi wakilipita.

Leo asubuhi nimetaka kufagia baraza, nimekatazwa. Vipande visiguswe. Anataka kwanza atafute 13, ambayo haimo.